Sumaku Tuliyoitengeneza kwa Ajili ya Jicho la Mama Riziki

Nimestaafu juzi tu, na tayari mumenipigia simu kuuliza kwa nini kontakta, ile swichi ya pampu ya maji, inalia kama nyuki ndani ya kopo. Ni vumbi. Zimeni umeme, fungueni, panguseni nyuso mbili za chuma kwa kitambaa kikavu, fungeni tena. Na kwa kuwa najua mutapiga kesho kuuliza jambo jingine, nimeona afadhali niandike, niwaachie nyinyi mafundi vijana kitu cha kusoma pale atelye, karakana yetu ya hospitali, wakati umeme umekatika. Kwa hesabu yangu mutakuwa na muda wa kutosha.

Sitaandika juu ya vyeo. Vyeo vilikuja ama havikuja, na hakuna mashine iliyowahi kuniuliza nina cheo gani kabla ya kuharibika. Nitaandika juu ya bobini, zile waya za shaba zilizozungushwa ambazo zimenila vidole maisha yangu yote, juu ya Papa Cirhuza aliyenifundisha, na juu ya mama mmoja aliyekuwa akivunja mawe.

Nilifika hospitali nikiwa binti wa Butembo mwenye diploma ya umeme. Baba yangu, mfanyabiashara wa maharagwe aliyezoea barabara ndefu, aliamini nakwenda kupiga barua kwa mashine ofisini, na mama hakutaka kumsumbua kwa ukweli. Mkuu wa wafanyakazi alinipeleka nyuma ya jiko, akagonga mlango wa bati, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi mzigo uliokosea anwani. Papa Cirhuza alikuwa mtu wa upande wa Bukavu, mrefu, mwenye miwani iliyoshikiliwa na uzi. Alitazama viatu vyangu kwanza.

"Binti, unajua kuzungusha bobini?"

"Najua, Papa."

"Na kuizungusha kinyume, kuifungua?"

Hilo sikuwa nimefundishwa. Akaniwekea mezani transfoma iliyoungua, akasema niifungue waya wote, duru moja moja, na nihesabu. Nilishinda kutwa nikifungua shaba iliyonuka vernisi, ile rangi inayokinga waya, iliyoungua, mikono myeusi hadi kwenye kiwiko. Nilidhani ananiadhibu kwa sababu ya viatu vyangu. Baadaye nikaelewa: huwezi kuunda upya kitu usichojua kiliundwa vipi, na kitu kilichoungua hakitakuambia isipokuwa ukifungua.

Kabla hatujafunga mlango siku ile, alichukua msumari mrefu, akauzungushia waya, akagusisha ncha za waya kwenye batri ya pikipiki. Msumari ukanyanyua pini za ofisi. Akaachisha waya, pini zikaanguka mezani.

"Umeona? Chuma ilikuwa inalala. Umeme inaiamsha. Umeme ikienda, inalala tena. Hii njo kazi yetu yote hapa."

Nikasema nimeona.

"Sasa fanya inyanyue pini mingi zaidi."

Nikaongeza duru za waya, pini zikaongezeka. Nikaomba batri kubwa, zikaongezeka tena. Akachomoa msumari katikati ya waya, akaniambia nijaribu bila chuma. Waya peke yake ukavuta pini moja kwa uvivu, halafu ukaiachia. Mwisho akaweka kipande cha karatasi kati ya msumari na pini, kimoja, viwili, vitatu, na nguvu ikapungua kwa kila karatasi. Hayo manne, yaani duru, umeme, chuma na nafasi, ndiyo niliyoyatumia hadi siku ya kurudisha funguo. Mukifungua kengele ya wodi, demareri inayowasha injini ya ambulansi au kontakta, mutakuta ni ule msumari tu, umevaa nguo nyingine.

Kisha ukaja mwaka ambao watu walivuka mpaka kutoka Rwanda. Wengi wenu mulikuwa hamujazaliwa. Barabara ilijaa mpaka haikuonekana, uwanja wa hospitali ukajaa, watu walipika katikati ya mawe ya volkano na kulala palepale walipopika. Ugonjwa wa kuhara ukaingia, na dawa yake ya kwanza ni maji safi. Pampu yetu ikaacha kupumzika.

Hapo niwaeleze kontakta, maana ndiyo iliyotutesa. Pampu hula umeme mwingi, huwezi kuiwasha kwa kidole. Kwa hiyo umeme mdogo unapita kwenye bobini, bobini inakuwa sumaku, sumaku inavuta kipande cha chuma, na kile chuma kikishuka kinakutanisha waya wa umeme mkubwa. Mradi chuma kimelala vizuri juu ya chuma, kila kitu kimya. Lakini vumbi letu jeusi likiingia katikati, nafasi inabaki, sumaku inavuta bila kufika, inatetemeka, inalia. Na kwa umeme wetu wa kubadilika, bobini ambayo chuma chake hakijafunga inakunywa umeme kupita kiasi hadi inaungua. Ndivyo ilivyoungua ile, asubuhi, wakati watu wamepanga madumu hadi nje ya lango.

Bobini ya akiba haikuwapo. Papa Cirhuza alikata mpini mkavu wa ufagio, akavuta kiti mbele ya sanduku la umeme, akakisukuma kile chuma kwa mti mpaka kikafunga. Pampu ikaanza kunguruma. Akaketi hivyo, mikono miwili juu ya mpini, kama mtu anayesubiri misa ianze.

"Leo mimi njo sumaku," akaniambia. "Wewe zungusha bobini. Na usiharakishe, ukikosea nitalala hapa."

Musifanye hivyo. Naandika kwa herufi ambazo hazitafutika: musifanye hivyo, umeme ule unaua. Lakini yeye alifanya, na watu wakachota. Nilikaa chini karibu naye, gurudumu la mkono la kuzungushia waya likizunguka, nikihesabu duru kwa sauti. Kila nilipofika mia alijibu "amina". Mama mmoja aliyepita na dumu akafikiri tunasali rozari, akapiga magoti kidogo, akaendelea. Papa Cirhuza alicheka mpaka mpini ukalegea na pampu ikazimika, akasukuma tena haraka. Tulipofunga bobini mpya, na chuma kilipojivuta chenyewe kwa kishindo kimoja, safi, bila kulia, alibaki ameshika ule mti muda mrefu, hajui auweke wapi.

Vita vilikuja baada ya hapo, vikaondoka, vikarudi na majina mengine. Atelye iliporwa. Waliiba shaba, wakaacha vitabu. Tulikimbia na kurudi. Sitaandika yote hayo. Munayajua, au wazazi wenu wanayajua. Nitaandika juu ya wakati ambapo wakimbizi walikuwa wetu wenyewe, watu wa Masisi na Rutshuru, wamejazana chini ya mahema magharibi ya mji. Papa Cirhuza alikuwa amebakiza kidogo kustaafu, na mimi nilikuwa tayari naitwa Mama Kahindo na watu wenye mvi.

Docteur Paluku, daktari wetu wa macho, alikuja atelye mwenyewe. Si kawaida, madaktari hutuma mtu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Niko na mama moja kule wodi," akasema. "Anaitwa Mama Riziki. Anavunja mawe ya volkano huko kambini, anauzia wajenzi. Kitu kimeruka, kimeingia ndani ya jicho. Kimepita kabisa, kiko nyuma, na damu imeziba, sikioni. Kwenye radio, ile picha ya eksirei, kinaonekana kama tone jeupe."

"Na jicho la pili?" nikauliza.

"La pili lilikufa na surua akiwa mutoto."

Kumpeleka Bukavu, kwenye hospitali yenye vifaa, hakukuwezekana. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, na mashua za ziwani zilikuwa zimezuiwa. Docteur Paluku akatueleza kwamba alipokuwa akisoma aliona sumaku ya umeme ya mkono, yenye ncha kama penseli, inayotoa chuma ndani ya jicho. Ikiwa kile kitu ni chuma, kikikaa ndani kitapata kutu, na kutu itaua jicho lote.

"Na kama ni jiwe?" Papa Cirhuza akauliza.

"Kama ni jiwe, sumaku ni bure. Nitaingia na kibano nikipapasa. Sipendi kusema itakuwaje."

Papa Cirhuza akasafisha miwani kwa pindo la shati. "Nyundo yake iko wapi?"

Wifi yake Mama Riziki aliileta atelye kesho yake, Docteur Paluku akiwapo, imefungwa ndani ya kitenge kana kwamba ni mtoto. Ilikuwa nyundo iliyopiga mawe miaka mingi, uso wake umelegea na kukunjika ukingoni kama uyoga. Papa Cirhuza alipitisha kidole polepole kuzunguka ukingo wote. Kulikuwa na weusi na kutu pande zote, isipokuwa mahali pamoja padogo palipong'aa kama jino jipya.

"Hapa njo imetoka," akasema. "Docteur, ni chuma. Tutakutengenezea."

Sumaku ya kwanza tuliitengeneza kwa kipande cha ekseli ya lori, chuma kizuri, kigumu. Ilivuta vizuri sana. Shida ni kwamba tulipokata umeme, unga wa chuma tuliojaribia ulibaki umeng'ang'ania ncha. Docteur Paluku alitikisa kichwa: hawezi kuingiza karibu na jicho kitu kinachovuta kabla hajaamuru. Papa Cirhuza akakitupa pembeni. "Chuma kigumu kina kinyongo," akasema. "Hakisahau." Tukachukua nondo laini ya wajenzi, tukaiweka kwenye makala, ule mkaa wa moto wa jiko, hadi ikawa nyekundu, tukaifukia ndani ya majivu ipoe taratibu mpaka siku iliyofuata. Mama wa jiko alilalamika kwamba maharagwe yamechelewa kwa sababu ya chuma, na alikuwa na haki. Fundi wa tuno, ile mashine ya kuchongea vyuma, kule mtaa wa Katoyi akatuchongea ile nondo, na ncha ya kuifungia kwa nyuzi za parafujo, ili ncha iweze kuchemshwa peke yake bila bobini.

Chuma hicho kilisahau mara moja. Lakini kilivuta kidogo. Nikafanya ambalo kila mmoja wenu angefanya: nikaongeza duru. Nikaongeza tena, bobini ikanenepa kama papai, na nguvu ikabaki ileile. Nilikaa kuitazama kwa hasira. Papa Cirhuza akaleta kipimo cha umeme, akakiweka mbele yangu, akarudi kunywa chai yake. Nikapima nikaona. Waya mwembamba ukiurefusha, unauzuia umeme zaidi. Nilichoongeza kwa duru nilikipoteza kwa umeme. Batri ilikuwa ileile, ikisukuma njia ndefu zaidi. Nikafungua yote, nikazungusha waya mnene, duru chache, tukafunga batri mbili za lori, zikafuatana kwenye njia moja ya umeme. Sasa ilivuta nyundo nzima. Tulijaribu batri ya tatu kwa tamaa; haikuongeza karibu chochote ila moshi. Chuma nacho hushiba. Kikishashiba, umeme wote unaozidi unageuka kuwa joto, na shaba yenye joto inapitisha umeme pungufu, ndiyo maana sumaku iliyochoka huvuta vibaya wakati munaihitaji. Gusa, vuta, zima, iache ipoe.

Docteur Paluku alituletea macho ya ng'ombe kutoka machinjioni, ndani ya kopo la maziwa. Tulikwangua vipande vidogo kutoka ukingo wa nyundo ileile, akavipenyeza ndani ya jicho, akasogeza ncha. Kwa umbali wa kidole, hakuna kitu. Kwa umbali wa nusu ya ukucha, kitu kikatikisika. Akasogeza kidogo tu tena, na kipande kikaruka kwa nguvu, kikapasua kila kilichokuwa njiani.

Akaweka kopo chini. "Hili lingekuwa la mutu," akasema, "ningekuwa nimelimaliza."

Siku hiyo hatukula mchana. Tulikuwa tumehangaika kupata nguvu, na sasa nguvu ndiyo iliyokuwa hatari. Papa Cirhuza ndiye aliyesema tuanze na batri moja, sumaku dhaifu, ili kipande kisogee taratibu hadi mbele ya jicho, karibu na pale daktari atakapokata. Halafu batri ya pili iwe ya kukitoa tu. Nikatengeneza swichi yenye vituo viwili: "moja" kwa batri moja, "mbili" kwa zote mbili. Tukajaribu jicho baada ya jicho, mpaka mkono wa daktari ukajua umbali na mkono wa Papa Cirhuza ukajua sauti ya daktari. Katika jicho la mwisho kipande kilitoka bila kupasua kitu. Docteur Paluku alilizungusha kwenye mwanga mara nyingi, kisha akasema, "Kesho."

Asubuhi yake Mama Riziki aliomba kuiona ile mashine. Tulimpelekea, ingawa kuona ndilo alilokosa. Akaipapasa kwa vidole vyake vilivyojaa makovu ya mawe.

"Mama, hii kintu haitavuta jicho pamoja?"

"Hapana, Mama. Jicho lako halina chuma. Itavuta tu kile ambacho si chako."

Akafikiri. "Na mwenye kuishika ni nani?"

"Docteur anashika. Mimi nashika bobini. Umeme uko mkononi mwa muzee huyu, Papa Cirhuza."

"Papa, unaisikia sauti yangu?"

"Ninaisikia, mama."

"Niko na batoto bane. Tangu hii jicho ijifunge, banapita mbele yangu bila mimi kubajua. Ninawauliza, wewe ni nani. Mutoto hapendi kuulizwa ile na mama yake."

Papa Cirhuza akamwambia, "Basi tutaenda polepole."

Walimwekea dawa ya ganzi. Mimi nilisimama kando ya meza, kiganja changu juu ya bobini chini ya kitambaa kilichochemshwa, kazi yangu ikiwa kusema ikipata joto. Papa Cirhuza alikaa kwenye kiti, mkono kwenye swichi. Docteur Paluku alikata, akasogeza ncha.

"Moja."

Nikaisikia bobini ikishtuka kidogo kabisa chini ya kiganja. Hakuna kilichotokea. Akasogeza. Akazungusha pembe. Bobini ikaanza joto, nikasema, Papa Cirhuza akazima, tukangoja ipoe, na katika kungoja kule nilisikia maji yakitiririka kwenye bomba ukutani.

"Moja," akasema tena. Kisha, kwa sauti ndogo, "Kinakuja. Nakiona kinakuja. Kiko mbele. Mbili."

Ikasikika sauti kama ya ukucha ukigusa kikombe. Docteur Paluku aliondoa mkono, akapeleka ncha juu ya bakuli la chuma, na juu ya ncha kulikuwa na kitu cheusi, kidogo kuliko punje ya mtama.

"Zima, Papa."

Papa Cirhuza akazima, na kile kipande kikaanguka chenyewe ndani ya bakuli. Chuma chetu kilikuwa kimesahau. Mama Riziki alikisikia kikianguka. Hakutikisa kichwa kwa sababu alikuwa amekatazwa, lakini vidole vyake vilifunguka juu ya shuka.

Kuondoa chuma si kurudisha macho, na Docteur Paluku alitueleza hivyo bila kuficha. Damu lazima iondoke yenyewe, kidonda kinaweza kuoza, na ndani kungeweza kuwa kumeharibika mahali asipopaona. Alimfunga bandeji, tukarudi kwenye pampu na taa za upasuaji na sterilizeri, ile mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji, iliyokuwa ikivuja. Papa Cirhuza alipita wodi ile kila asubuhi kukagua soketi. Soketi za wodi ile hazijawahi kukaguliwa hivyo, kabla wala baada.

Siku ya kufungua tuliitwa. Wifi yake alikuwa upande mmoja wa kitanda, sisi wawili tulisimama miguuni, bado na mafuta mikononi. Docteur Paluku alifungua bandeji taratibu, akamwambia afungue jicho bila haraka. Akafungua. Lilikuwa jekundu, linatoa machozi. Daktari akanyanyua mkono wake mbele yake.

"Mama, unaona nini?"

Aligeuza uso, akaupita mkono wa daktari, akatutazama sisi. Alimtazama Papa Cirhuza muda mrefu, akikunja paji la uso, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali.

"Huyu muzee," akasema, "shati yake inakosa kifungo. Ya katikati."

Papa Cirhuza akainamisha kichwa kutazama kifua chake, akakuta ni kweli. Akakamata ile nafasi ya shati kwa mkono, akaifunga hivyo, akasema, "Asante, mama," na akatoka nje.

Wifi alianza kulia, na Docteur Paluku akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mimi nilimfuata Papa Cirhuza. Nilimkuta nyuma ya jiko, ameelekea ukuta, mkono bado umeshika shati pale palipokosa kifungo. Nilisimama karibu naye mpaka akasema kwamba sterilizeri haitajitengeneza yenyewe, tukaenda.